Bamba la Kivukoni

Aliyeligundua kosa hakuwa msomi wala mchoraji. Alikuwa Mama Hilletje, muuza maziwa, ambaye kila asubuhi alivuka mto IJssel na madebe yake mawili kwa pantoni ya Wolter Hoefslag kwenda kuuza mjini Hagewaard. Asubuhi hiyo ya Julai ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Abiria alikuwa yeye peke yake. Wolter, ambaye kwa siku tatu alikuwa akitafuta mtu wa kumwonyesha, alifungua jalada la ngozi na kutoa karatasi moja, akaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika kifaranga.

"Pazuri," alisema Mama Hilletje. Aliisogeza hadi karibu na pua. "Pazuri kweli. Ni wapi?"

"Ni hapo unakokwenda, Mama. Hagewaard."

Pantoni iliendelea kuteleza bila sauti. Haikuwa na kasia wala tanga. Ilifungwa kwa kamba ndefu iliyotiwa nanga mbali huko juu mtoni, na maji yenyewe ndiyo yaliyoisukuma kutoka ukingo hadi ukingo, polepole, kama bembea ya mtoto aliyelala. Walipofika katikati, ukungu ulianza kuinuka. Kwanza ukatokea mnara wa kanisa, kisha paa refu la nyumba ya mizani, kisha lango la majini na miti iliyopangwa gatini. Mama Hilletje aliutazama mji, akaitazama karatasi, akautazama mji tena.

"Wolter, mwanangu, usinichukie," alisema. "Kanisa wamelihamisha lini?"

Wolter aliitazama karatasi ile kwa macho ya mtu mwingine, na hapo akaona. Kinu cha upepo, ambacho tangu babu zake kilisimama kushoto kabisa, kilikuwa kulia. Kanisa lilikuwa limevuka mji mzima na kukaa upande wa viwanda vya ngozi. Kila nyumba ilikuwepo, kila dirisha na kila bomba la moshi, lakini mji wote ulikuwa umegeuka kama soksi iliyovuliwa kwa haraka.

"Pengine umeuchora ukiwa umelala," alisema Mama Hilletje, akiinua madebe yake. Alipoona uso wa Wolter, akaongeza kwa upole, "Lakini maji umeyaweza. Maji ni yenyewe."

Siku nzima Wolter alivusha watu na ng'ombe na mikokoteni ya nyasi huku akilifikiria jambo hilo hatua kwa hatua, kwani ndivyo alivyokuwa. Ufundi ule alifundishwa na mchoraji mmoja, Bwana Corstius, aliyepanga chumba cha juu pale kivukoni kwa kiangazi kimoja na kufariki kabla ya kiangazi cha pili, akimwachia sindano, chupa ya tindikali na mabamba machache ya shaba. Bamba hupakwa nta nyembamba, nta hupakwa moshi wa mshumaa hadi iwe nyeusi, kisha mtu huchora kwa sindano. Sindano hukwaruza nta tu na kuiacha shaba wazi. Bamba likilazwa ndani ya tindikali, tindikali huila shaba pale palipokuwa wazi. Halafu nta hufutwa, wino huingizwa ndani ya mistari, na karatasi iliyoloweshwa hukandamizwa juu yake kati ya magogo mawili ya mashine ya kunyooshea mashuka. Karatasi ikibanduliwa, picha imehamia kwake.

Imehamia, lakini imegeuka. Kilichokuwa kushoto kwenye shaba kinakuwa kulia kwenye karatasi. Bwana Corstius hakuwahi kumwambia, labda kwa kuwa ni jambo asilodhani lahitaji kusemwa. Na Wolter kwa miaka minne alikuwa amechora ng'ombe, mierebi na mashua zilizofungwa. Ng'ombe akigeuzwa hubaki kuwa ng'ombe. Hakuna mtu aliyewahi kuja kulalamika kwamba mwerebi wake unaelekea upande usio wake.

Mji ni kitu kingine. Na mji huu alikuwa ameagizwa.

Wanachama wa Chama cha Wasomaji walikuwa wamekarabati ukumbi wao ulio juu ya nyumba ya mizani, na walitaka kwenye ukuta wa mbele picha moja ya Hagewaard ionekanavyo kutoka ng'ambo. Itundikwe Jumapili ya kwanza ya Septemba, siku ya kufungua ukumbi. Mtu fulani alikuwa amewaambia kwamba yule wa kivukoni huchora. Mwenyekiti wao, wakili Terwogt, alimwambia Wolter habari hiyo katikati ya mto, bila kumtazama, huku akichokonoa kiko chake.

"Pantoni," alisema, "nasikia unachora."

Kwa miaka ishirini mabwana wa mjini walikuwa wamemwita hivyo. Pantoni, upesi. Pantoni, kuna upepo leo? Hawakuwa na ubaya; walimwita kwa kazi yake kama walivyomwita mwoka mikate kwa mikate yake. Tofauti ni kwamba mwoka mikate alikuwa na jina lililopakwa rangi juu ya mlango wa duka. Wolter alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, na tangu siku ile alikuwa ameshikwa na tamaa moja asiyomwambia mtu: kwamba chini ya picha, kwenye ukuta ule, pasomeke Wolter Hoefslag, na mabwana wale wasimame mbele yake na kulisoma.

Jioni alimpelekea wakili Terwogt karatasi na kumwambia ukweli. Wakili aliicheka, lakini alicheka kwa adabu.

"Hatuwezi kutundika mji ambao wenyeji wake watapotea ndani yake," alisema. "Una bamba jingine?"

"Limebaki moja."

"Basi una hadi Septemba. Ikishindikana, kuna kijana wa Deventer anayepiga picha kwa mashine. Nitamwandikia yeye."

Wolter alirudi nyumbani, akavua viatu vya mbao mlangoni, akaingia chumba cha dada yake.

Aleida alikuwa na miaka thelathini. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, mkokoteni wa magogo ulirudi nyuma kwenye daraja la pantoni na kumbana nyonga, na tangu hapo miguu yake ilimbeba kutoka kitandani hadi kiti cha dirishani na si zaidi. Kubebwa hadi ukingoni mwa mto hakutaka. Alisema mtu akibebwa hutazamwa kama samani inayohamishwa. Dirisha lake lilitazama miti ya mipea nyuma ya nyumba, lakini nje yake, kwenye mkono wa chuma, marehemu baba yao alikuwa amemfungia kioo, kama kile ambacho kila mama wa Hagewaard anacho dirishani ili amwone anayebisha hodi kabla hajaonekana mwenyewe. Kioo cha Aleida kiliinamishwa kuelekea mtoni. Hakikuzidi kitabu cha zaburi kwa ukubwa, na mji mzima ulitosha ndani yake.

"Wamekataa," alisema Wolter, akamwekea karatasi magotini.

Aleida aliipitishia kidole juu juu bila kuigusa. Alitabasamu. "Kinu hiki. Lango. Hapa kwa Doedens mwoka mikate, na dirisha lake la juu lililozibwa. Kaka, umeuweka wote. Wamekataa kwa nini?"

"Huoni?"

"Naona mnara umeuchora mnene kidogo. Basi hilo ndilo la kukatalia?"

"Leida, kanisa liko wapi?"

"Si hili hapa."

"Upande gani?"

"Upande wake," alisema Aleida, akimtazama kama mtu anayemshuku mwenzake kuwa na homa. "Kulia, baada ya miti. Lilipo siku zote."

Wolter akamwomba radhi, akamwinua kutoka kwenye kiti, akamkalisha kitandani, na yeye akakaa kwenye kile kiti. Alikuwa hajawahi kukaa hapo. Aliinamisha kichwa hadi kioo kikamjia sawasawa. Jua lilikuwa linashuka, na ndani ya kioo kulikuwa na Hagewaard nyingine, ndogo, angavu, iliyotulia kama kitu kilichotumbukia chini ya maji safi. Kinu kilikuwa kulia kabisa. Kanisa lilikuwa baada ya miti.

Miaka kumi na mmoja alikuwa akimletea dada yake uji na habari za mjini, akimwambia nyumba gani imepakwa rangi na mti gani umeanguka, na wote wawili walikuwa wakizungumza juu ya miji miwili bila kujua.

"Umekuwa ukiuona hivi," alisema.

"Hivi vipi?"

Alimweleza. Aleida alifikiri, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nilijua zamani," alisema. "Nilipokuwa natembea nilijua. Sijui nilisahau lini."

Fundi mwingine labda angeliona suluhisho palepale. Wolter alihitaji siku mbili. Alikuwa kwenye pantoni, kati ya ng'ombe sita, jambo lilipomjia lote zima. Ikiwa shaba huugeuza mji, basi kwenye shaba anapaswa kuchora mji uliokwisha geuzwa, ili karatasi iurudishe. Na mji uliogeuzwa upo. Unaning'inia nje ya dirisha la Aleida.

Alilitayarisha bamba la mwisho kwa uangalifu kuliko yote. Kila alipopata nafasi, alikaa kwenye kiti cha dada yake na bamba juu ya magoti, akitazama kioo. Lakini nafasi zilikuwa fupi. Kengele ya abiria wa ng'ambo ililia, akaondoka. Akarudi, akachora ukuta mmoja, kengele ikalia tena. Na mkono ulikuwa mkaidi. Macho yalimwambia kulia, mkono uliokuwa ukiujua mji tangu utotoni ukajibu kushoto. Siku ya tatu Aleida, aliyekuwa akimtazama kutoka kitandani, alisema, "Umeweka saa ya mnara upande usio wake."

"Wapi?"

"Hapo. Na ngazi za gatini zinashuka kuelekea miti. Zisikupe shida, ndizo zilizo ngumu. Mimi ilinichukua mwezi kuzielewa."

Wolter aliziba makosa kwa nta mpya na brashi. Alijaribu tena. Akakosea tena, palepale. Aliishusha sindano na kujisugua macho.

"Nipe," alisema Aleida.

"Si kama kudarizi, Leida."

"Sijasema ni kudarizi. Nimesema nipe."

Alimpa. Aleida aliishika sindano kama alivyoishika ya kudarizia, wima, karibu na ncha. Aliutazama mji ndani ya kioo kwa muda mrefu, mpaka Wolter akadhani amelala macho wazi, kisha akachora ngazi saba za gatini kwa mikwaruzo saba. Zilikuwa ngazi. Zilikuwa zimeloa.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi, Wolter akiwa mtoni, Aleida alikaa na bamba. Hakufanya haraka, na hakuchora chochote ambacho hakukiona siku hiyo. Ukungu ulipofunika kinu, alisubiri kinu. Alichora kitani kilichoanikwa nyuma ya viwanda vya ngozi, kwa kuwa kilianikwa. Wolter akirudi alikuta sehemu nyingine ya mji imetokea kwenye weusi wa nta, mistari myembamba ing'aayo rangi ya shaba, kama jua linalopenya nyufa za mlango. Wakati mwingine alipokuwa katikati ya mto, peke yake, kamba ikilia polepole juu ya kichwa chake, ilimjia hisia ya ajabu kwamba yuko ndani ya kioo kile, na kwamba mahali fulani nyuma yake mkono unamchora ukuta, unamchora wimbi, na pantoni haitafika hadi mkono huo umalize.

Siku ya kumi na sita Aleida alisema, "Nimemaliza."

Kazi ya tindikali ilikuwa ya Wolter, na hiyo aliijua. Alililaza bamba kwenye sinia la udongo nje, chini ya mipea, akawa anafagia mapovu kwa unyoya wa bata. Baada ya dakika chache alilitoa, akaziba mawingu na mnara kwa vanishi ili visiendelee kuliwa, maana vya mbali hubaki hafifu, akalirudisha, akaziba nyumba, akalirudisha tena kwa ajili ya gati na maji ya karibu, ambayo yalipaswa kuliwa hadi yawe meusi. Aleida alimhesabia muda kwa saa ya ukutani na kumtangazia kupitia dirisha.

Karatasi ya kwanza ilipobanduka kutoka kwenye mashine ya mashuka, Wolter aliona Hagewaard. Kinu kushoto, kanisa kushoto karibu nacho, halafu nyumba zote zikishuka kuelekea viwanda vya ngozi. Ilikuwa kimya. Hakuwahi kujua kwamba mji ule ulikuwa kimya kiasi hicho. Na katikati ya mto palikuwa na kitu ambacho hakukiona kwenye shaba alipokuwa akiipaka wino: pantoni yake, ndogo kama ganda la mbegu, na juu yake mtu mmoja amesimama karibu na kamba.

"Huyu ni nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Hupita humo mara ishirini kwa siku," alisema Aleida. "Ningemwachaje?" Aliipokea karatasi, akaigeuza kichwa chini, akakunja uso. "Huu si mji wangu kabisa. Ngoja. Doedens yuko wapi? Loo, huku. Inanizungusha kichwa, kama kushuka kitandani kwa upande wa ukutani." Akairudisha. "Lakini ni mzuri. Sasa weka jina."

"Jina la nani?"

"La nani tena. Uliagizwa wewe. Mimi jina langu ukutani kwa wale wavuta viko nitalifanyia nini?"

"Umechora wewe, Leida."

"Na umelala wewe na harufu ya tindikali. Andika, kaka, tusizungushane."

Alisema kwa wepesi, akiwa ameshageukia dirisha. Wolter aliuchukua wepesi ule kama ruhusa. Alifanya mazoezi ya kuandika jina lake kinyume kwenye ubao, mara thelathini au zaidi, kisha akalikwaruza kwenye pembe ya chini ya bamba. Lilipotoka kwenye karatasi lilikuwa limenyooka, herufi zote, Wolter Hoefslag. Alilitazama mara nyingi siku hizo. Lilimfurahisha, na kila lilipomfurahisha alihisi kama mtu aliyekaa kwenye kiti ambacho bado kina joto la mwingine.

Jumapili ya kufungua ukumbi watu walipanda ngazi za nyumba ya mizani moja kwa moja kutoka kanisani, wamevaa nyeusi. Kulikuwa na kahawa na mkate wa tangawizi, na Mama Hilletje alikuwa ameleta maziwa na kuamua kubaki. Picha ilikuwa kwenye ukuta wa mbele, ndani ya fremu ya mwaloni. Kila mmoja akaanza kujitafuta ndani yake.

"Bomba langu hilo, linatoa moshi," alisema Doedens mwoka mikate.

"Moshi huo ni wa Jumapili?" aliuliza mchungaji kutoka nyuma.

"Hapo ni Jumanne, Mchungaji. Naona kabisa ni Jumanne," alijibu Doedens.

Walicheka. Kijana mmoja wa posta aliinama, akasoma jina kwa sauti, "Wolter Hoefslag," na wawili watatu wakageuka kumtafuta mwenye jina. Wolter alisimama karibu na mlango, kofia mikononi. Ndicho alichokitaka. Kilikuwa kimefika, na kilikuwa kitamu kwa muda wa pumzi moja.

"Na yeye mwenyewe huyu hapa," alisema Mama Hilletje, kidole chake kikikaribia kioo cha fremu. "Juu ya pantoni. Tazameni anavyosimama, bega moja juu. Ni yeye kabisa."

Wakili Terwogt alivaa miwani. "Kweli," alisema. Kisha, kwa sauti ya utani ambayo huitumia mahakamani, akamgeukia Wolter. "Sasa nina swali kwa shahidi. Ikiwa wewe ulikuwa juu ya pantoni, nani alikuwa ukingoni akichora?"

Watu walicheka tena, na kicheko kile kilikuwa mlango uliowekwa wazi kwa ajili yake. Angeweza kusema: kwa kukumbuka. Angeweza hata kutoa kicheko tu, nao wangerudi kwenye kahawa yao. Wakili alikuwa ameshaanza kuvua miwani.

"Dada yangu," alisema Wolter.

"Dada yako alikuwa anakuangalia ukichora?"

"Dada yangu alikuwa anachora. Mimi nilikuwa juu ya pantoni, kama mnavyoona. Mimi nimetia tindikali na kukandamiza. Mistari yote ni yake. Jina nililiandika mimi, na sikupaswa."

Doedens aliweka kikombe chake chini.

"Aleida?" alisema. "Yule wa mkokoteni? Mimi nilidhani alikufa." Uso ukamwiva. "Samahani, Wolter. Sikumbuki kwa nini nilidhani hivyo."

"Hajafa. Anakuona kila unapovuka. Anasema ukifika katikati ya mto huvua kofia, ukajikuna, ukaivaa tena, na hujawahi kukosa."

Doedens alipeleka mkono kichwani bila kutaka, na hapo hata mchungaji alicheka.

Wakili Terwogt alikuwa ameirudisha miwani puani. Safari hii hakuitazama pantoni. Aliipitia picha yote, pembe hadi pembe, polepole, kama mtu anayesoma upya hati aliyodhani anaifahamu. "Jina la ukoo ni moja," alisema hatimaye. "Tunaweza kuliacha lilivyo. Hakuna atakayedhurika."

"Naomba niichukue," alisema Wolter. "Mtaipata Jumatano."

"Ukuta utakaa mtupu."

"Hadi Jumatano, Bwana Mwenyekiti."

Wakili alisita kidogo. Kisha yeye mwenyewe alinyoosha mikono, akaitoa fremu kwenye msumari na kumkabidhi. "Jumatano basi," alisema, "Bwana Hoefslag."

Akiwa kwenye maji, na fremu imeegemezwa kwenye mguu wake, Wolter alijaribu kujua kama ana huzuni. Alikuwa nayo, kidogo. Haikuwa kubwa kama alivyoitarajia, na kamba iliivuta pantoni vilevile.

Aleida alimkasirikia. "Nilikuambia uandike la kwako. Sasa umenifanya mtu wa kusimuliwa kwenye kahawa."

"Walishakuwa wanakusimulia, Leida. Walisimulia kwamba umekufa."

Wolter alikaa mezani, akachukua kisu cha pembe tatu na kuanza kulikwangua jina lake kutoka kwenye shaba, herufi moja baada ya nyingine, kisha akapasugua kwa chuma laini na tone la mafuta. Palibaki doa hafifu ambalo kwenye karatasi lingeonekana kama ukungu. Aleida alimtazama muda wote huo.

"Doedens alisema hivyo?"

"Alisema. Kisha akaona aibu."

"Na wengine?"

"Wakili aliitazama upya yote. Nadhani hadi kitani ulichokianika."

"Sikukianika mimi, kilikuwa kimeanikwa." Alilitazama bamba. "Sijui kuliandika kinyume."

"Mimi najua," alisema Wolter.

Aliandika jina la dada yake kwa wino mzito kwenye karatasi nyembamba, Aleida Hoefslag, akasimama dirishani na kuibana karatasi kwenye kioo cha dirisha, uso wake nje na mgongo wake ndani. Mwanga wa mchana ulipenya, na jina likasimama pale limegeuka, jeusi, juu ya miti ya mipea. Aleida alilivuta bamba magotini, akaishika sindano wima karibu na ncha, akaanza na herufi ya mwisho.

Kengele ililia ng'ambo. Mara moja, kisha mara mbili.

"Nenda," alisema Aleida bila kuinua macho.

"Watasubiri," alisema Wolter, na akaendelea kushika karatasi.